Alipofaulu Ni Mapishi, Alipoanguka Ni Sayansi

Kijiwe chetu kiko Sharafiya, mtaa mmoja wa Jeddah, Saudia, nyuma ya maduka ya simu, pale Myemeni mmoja anapouzia kahawa ya tangawizi kupitia dirisha dogo. Kiti chenyewe ni kile kirefu cha nyuma cha gari la abiria, Haisi. Sijui nani aliking'oa, ila sisi tulikikuta kimeegemezwa ukutani, springi moja nje, tukakirithi. Kila Ijumaa baada ya alasiri, siku ambayo mabosi wengi wamelala, Wakenya wanne tunakutana hapo. Kuna Mwalimu, yaani Elijah, aliyefundisha shule ya msingi Kakamega miaka kumi na moja kabla hajaja kulinda ghala la matairi. Kuna Tanki, yaani Brayo wa Kayole, dereva wa lori la maji, mtu anayeweza kukasirikia hata taa ya barabarani. Kuna Daktari, jina lake halisi Japheth, sekyuriti kwenye geti la hospitali moja ya kibinafsi. Halafu mimi, Zacharia, dereva wa familia moja ya hapa Jeddah. Nitakayosimulia yalitokea mwaka wa 2015.

Japheth hakupewa jina la Daktari kwa mzaha. Alikuwa na digrii ya Chakula na Lishe kutoka chuo kimoja cha serikali kule nyumbani. Kampuni ya maziwa iliyomwajiri ilifungwa, akazunguka na vyeti mwaka mzima, mwishowe akapanda ndege kuja kufungua na kufunga geti. Siku moja dada mmoja Mkenya, Rispah, mfanyakazi wa ndani, aliletwa na dereva wa madam wake. Jasho linamtoka, maneno yanamchanganya. Mapokezi wakasema hana kadi ya bima, asubiri nje mpaka kafili, yaani mwajiri wake, apigiwe simu. Japheth akamwinamia na kumuuliza mambo mawili tu: una sukari? Ulikula saa ngapi? Dada alikuwa amejidunga insulini asubuhi na hajatia kitu tumboni. Japheth akachukua juisi yake ya chakula cha mchana, akamnywesha polepole, akampa na tende. Baada ya robo saa Rispah alikuwa ameketi, anauliza viatu vyake viko wapi. Japheth akapewa barua ya onyo kwa kuacha geti.

Kuanzia siku hiyo alisema hataki tena kusimama nje ya mlango. Akatafuta kwenye simu mpaka akapata chuo cha udaktari huko Ulaya mashariki kinachopokea watu wenye digrii tayari, na kina ufadhili wa Waafrika. Akatuma maombi mwezi wa tatu.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano alikuja kijiweni amechelewa. Hakusalimia. Alimpa Mwalimu simu, akasema:

— Soma. Soma kwa sauti, pengine mimi ndiye sioni vizuri.

Siku hiyo Tanki alikuwa amekuja na mgeni, kijana mkimya wa Kericho aitwaye Hillary, aliyekuwa na wiki tatu tu nchini, anabeba simiti kwenye mjengo mtaa wa Ghulail. Tulimpa nafasi pembeni, karibu na ile springi.

Mwalimu akasoma, anatafsiri huku akienda. Chuo kinataka wastani wa masomo ya sayansi peke yake usipungue tatu. A ni nne, B ni tatu, C ni mbili, D ni moja. Mwombaji anajaza fomu, anapanga kila somo kwenye kundi lake, halafu ofisi ya maombi inakagua. Japheth alipanga, akapata tatu nukta moja na zaidi. Ofisi imekagua. Imehamisha masomo matatu.

— Biokemia ya Chakula, Mwalimu akasoma, imehamishwa kutoka sayansi kwenda kundi la Chakula na Mapishi.

— Mapishi? Tanki akauliza.

— Ndivyo ilivyoandikwa. Maikrobiolojia ya Maziwa imehamishwa kutoka sayansi kwenda Kilimo na Ufugaji.

— Hizo mbili ulipata nini, Daktari? nikauliza.

— A, Japheth akasema. Zote mbili A. Ndizo A zangu za pekee kwenye sayansi.

— Na la tatu, Mwalimu akaendelea, Takwimu za Kilimo. Hili limehamishwa kutoka Kilimo kwenda Hesabu, kwa hiyo linahesabiwa kwenye sayansi.

— Hilo nalo ulipata nini?

Japheth akatazama chini.

— D.

Tanki alisimama hata kahawa ikamwagikia suruali.

— Manze, hebu ngoja! Pale alipofaulu ni mapishi, pale alipoanguka ni sayansi! Hawa watu wana akili kweli?

— Wastani mpya, Mwalimu akamaliza, ni mbili nukta nane. Ombi halitaendelea. Una siku kumi na nne za kukata rufaa.

Hapo kijiwe kilichemka. Myemeni alitoa kichwa dirishani kuona kama tunapigana.

— Mimi nitawaambia tatizo, Mwalimu akasema, ameshainua kile kidole chake cha darasani. Huyo karani hajui biokemia. Ameona neno “chakula”, akawaza sufuria. Nimefundisha, najua watu wa hivyo. Anasahihisha kwa kuangalia kichwa cha insha.

— Karani gani? nikasema mimi. Hiyo ni kompyuta. Imewekewa maneno. Ikiona chakula, jikoni. Ikiona maziwa, zizini. Ungesoma Moyo wa Ng'ombe ungepelekwa buchari.

— Na ukisoma Mzunguko wa Damu, Tanki akadakia, watakwambia hiyo ni trafiki! Lakini nyinyi hamuoni mbali. Hii si kompyuta. Hawa wanangoja kwanza wahesabu Waafrika wangapi wamefika tatu. Wakiona tumejaa, yalla, wanaanza kuhamisha masomo. Mwaka huu maziwa. Mwaka ujao watasema mifupa ni useremala.

— Tena si bure, Mwalimu akasema, na yeye sasa amepanda moto. Nafasi ya Daktari imeshapewa mtu. Mpwa wa huyo karani. Alisoma muziki, wakaandika ngoma ina mawimbi ya sauti, kwa hiyo ni fizikia!

— Na huyo mpwa ndiye atakayekuja kukupasua tumbo, nikasema.

— Anipasue mimi? Mwalimu akasema. Nitamtoroka na drip mkononi!

Tulicheka kidogo, lakini kicheko kilikuwa kikali. Kila mmoja wetu pale alikuwa amewahi kupangwa mahali si pake. Mwalimu, ikama yake, kile kibali cha kuishi hapa, imeandikwa “mchungaji wa mifugo”, na tangu afike hajaona hata mbuzi mmoja. Tanki, cheti chake cha umakanika kilisemekana si cha ufundi kwa kuwa kilitolewa na kanisa. Kwa hiyo kila mtu alikuwa anapigania masomo ya Japheth na pia kitu chake mwenyewe.

— Kata rufaa ya zote tatu, Mwalimu akaamuru. Biokemia irudi. Maziwa yarudi. Na hiyo takwimu waambie irudi kilimo ilikotoka. Jina lake ni Takwimu za Kilimo! Kwani hawajui kusoma?

— Kabisa! Tanki akasema. Wao si wanapenda majina? Wapewe jina.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Bila ile D, hata wakirudisha A moja tu, Japheth angefika tatu nukta moja. D ikibaki, ilikuwa lazima wamrudishie A zote mbili ndipo afike tatu kamili, bila hata punje ya ziada.

— Umesikia? Mwalimu akasema. Hiyo D itoke.

Ndipo yule mgeni, Hillary, akakohoa.

— Samahani, wazee. Naweza kuuliza?

— Uliza, kijana.

— Hiyo takwimu, darasani mlikuwa mnafanya kilimo ama mnafanya hesabu?

Mwalimu alimtazama Japheth, na Japheth alikuwa anatazama kikombe chake. Hillary aliuliza kwa nia safi kabisa, kijana wa watu, hata akaanza kuona haya, akidhani ametukosea. Adhana ya magharibi ikaanza. Myemeni akasema halas, akavuta dirisha lake, nasi tukaondoka bila kuagana vizuri.

Nilimpa Japheth lifti. Tulipofika karibu na mtaa wa Kandara alisema, bila mimi kumuuliza:

— Ilikuwa hesabu, Zacharia. Mwanzo mpaka mwisho. Mahindi yalikuwa kwenye mifano tu.

— Sasa?

— Sasa nawatukana kwa kusoma jina la somo bila kuangalia ndani, na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilijua nina D, nikaona neno “kilimo”, nikaificha huko.

— Ulikuwa mgonjwa? Ulifiwa?

— Ningependa kukwambia nilifiwa. Darasa lilikuwa saa moja asubuhi, na mwalimu, Bi. Susan, alikuwa anaongea polepole. Nilimdharau. Nikasema hesabu za wastani zitanisaidia nini kwenye maziwa. Nililala, Zacharia. Ndiyo sababu.

Alikasirika upya akisema hayo, ila mara hii hasira ilikuwa yake mwenyewe, na nadhani ndiyo iliyomuuma zaidi.

Jumatatu alimpigia dada yake, Mitchelle, kule nyumbani, amtafutie muhtasari wa masomo yale mawili, ule unaoonyesha wiki kwa wiki walifundishwa nini. Mitchelle alienda chuoni siku nne mfululizo. Ofisi ya usajili ikamwambia muhtasari wa zamani hauko. Idara ikamwambia arudi ofisi ya usajili. Siku ya nne alikutana na mama mmoja wa maabara, Beldina, aliyemkumbuka Japheth kwa sababu alivunja mizani akailipa bila kuambiwa. Mama Beldina alikuwa na faili zote kwenye kabati la kemikali. Mitchelle akapiga picha kurasa thelathini na mbili, akazituma moja moja kwa WhatsApp, na Japheth akazipokea ndani ya kibanda cha geti, kati ya gari moja na lingine.

Barua tuliiandika kijiweni Ijumaa iliyofuata. Mwalimu alikuwa amekuja na kalamu nyekundu.

— Aya ya kwanza, biokemia, akasema. Wiki ya kwanza protini, ya pili vimeng'enya, ya tatu mafuta mwilini. Mapishi yako wapi hapo? Andika: hakuna siku hata moja tuliyowasha jiko.

— Tuliwasha, Japheth akasema. Wiki ya kumi na moja. Tulichemsha maharage kuona protini inavyobadilika.

— Usiiandike hiyo!

— Naandika, Mwalimu. Iko kwenye muhtasari.

— Wewe mtu vipi? Unawapa kisu wakuchinje nacho?

— Aya ya pili, Japheth akaendelea, maziwa: bakteria, virusi, kupanda vijidudu kwenye sahani, darubini. Aya ya tatu: kuhusu takwimu, nakubaliana na uamuzi wenu. Ni hesabu.

Tanki alijishika kichwa.

— Aki Daktari, unatuangusha! Mtu anakuibia kuku wawili, unamwambia yule wa tatu mchukue tu ni wako?

— Wa tatu ni wao, Tanki.

— Hao hawangekuonea huruma hata kidogo!

— Najua. Na kwa zile mbili siwaonei huruma pia. Soma nilivyowaandikia.

Kweli, aliwachapa. Aliandika kwamba vidudu vinavyoishi kwenye maziwa ndivyo vinavyomlaza mtoto wodini, na kwamba vidudu hivyo havijawahi kuuliza somo lilifundishwa idara gani. Mwalimu alisoma sentensi hiyo mara mbili, akarudisha kalamu mfukoni bila kuitumia.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Biokemia imerudi kwenye sayansi. Maikrobiolojia ya Maziwa imebaki Ufugaji, kwa kuwa wiki tatu kati ya kumi na nne zilihusu utengenezaji wa jibini na mtindi. Wastani: mbili nukta tisa.

Sijawahi kumwona Mwalimu vile. Alipiga kiti teke, springi ya pili ikatoka.

— Wiki tatu! Kumi na moja za bakteria hazionekani, tatu za jibini zinaonekana! Na huo mtindi unatengenezwa na nini, na malaika?

— Niliwaambia mimi! Tanki akafoka. Wewe ukawapa ile D kwenye sinia. Saa hii ungekuwa na tatu nukta moja!

Japheth akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akapaza sauti:

— Ningekuwa nayo, ndiyo! Mnadhani sijui? Nimeipiga hiyo hesabu usiku kucha! Nimeonewa, na bado ile D ni yangu. Yote mawili ni kweli, na hakuna linalolipunguza jingine!

Akakaa. Kisha, kwa sauti yake ya kawaida, akasema barua ina ukurasa wa pili. Chuo kinaruhusu mwombaji kurudia somo moja la sayansi kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, katika chuo chochote kinachotambulika, na alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Alishaangalia. Kulikuwa na chuo cha elimu ya masafa chenye kozi ya takwimu, na mtihani wake ungefanyiwa Riyadh.

— Hiyo D, akasema, kwa kuwa walisema ni sayansi na mimi nikakubali, naweza kuirudia. Ningeipeleka kilimo, nisingeruhusiwa kuigusa.

Hakusema kwa kujisifu. Alikuwa bado ana hasira ya maziwa.

Basi miezi miwili Japheth alisoma takwimu ndani ya kibanda cha geti, joto la digrii arobaini na tatu, feni moja inayozungusha upepo wa moto. Ijumaa alikuja na daftari. Hatukumcheka. Hillary, ambaye tuligundua alikuwa wa kwanza kwenye hesabu katika shule yake ya sekondari, alikaa naye kwenye ule upande wa springi akimkagulia majibu. Mara mbili nilimsikia Japheth akinung'unika: “Kumbe Bi. Susan alikuwa anasema hivi.”

Mwezi wa nane bosi wangu alinituma Riyadh kupeleka samani kwa mtoto wake. Niliomba ruhusa kubeba mtu. Bosi akauliza, nani? Nikasema rafiki yangu, anaenda kufanya mtihani. Akacheka, akidhani mtihani wa udereva, akasema beba.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Kilomita mia tisa na zaidi za mchanga, na Japheth akisoma njia nzima. Alikuwa na karatasi za kanuni magotini, anazifunika kwa viganja anajisomea, anafunua kuangalia. Kesho yake asubuhi nilimshusha mbele ya jengo la ghorofa nne, juu ya duka la mapazia. Nilimwona akifika mlangoni, na mlinzi wa pale, Mbangladeshi mmoja mzee, akamuuliza kitu. Japheth akaonyesha karatasi yake. Mlinzi akaisoma polepole, akamfungulia mlango kwa mikono miwili.

Alitoka baada ya saa tatu. Akaingia garini, akafunga mkanda.

— Vipi?

— Swali la sita lilinitesa. Mengine niliyajibu. Twende.

Alipata B. Wastani wa sayansi ukawa tatu nukta sifuri tisa. Wakamwita kwenye usaili wa video, akaulizwa mambo arobaini, mojawapo kwa nini anafanya kazi ya geti, akawasimulia kuhusu Rispah na juisi. Wiki mbili baadaye akapata barua ya kukubaliwa na ufadhili. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi huo huo, na kampuni ikamgongea viza ya kutoka kabisa bila maneno mengi, maana walinzi wa kumrithi walikuwa wameshateremka uwanja wa ndege na mabegi.

Siku ya barua ile Tanki alimkumbatia mpaka akamnyanyua. Halafu akamshusha, uso ukakunjamana tena.

— Lakini maziwa, je? Maziwa bado ni ufugaji?

— Bado.

— Basi bado wametukosea.

— Wametukosea, Japheth akasema. Nimewaandikia tena jana. Nimewaambia mimi nimeshapita, sina ninachoomba, ila kuna watu wengi wamesoma nilichosoma na wataleta maombi mwakani. Hawajajibu.

Aliondoka Jumanne. Ijumaa iliyofuata tulikaa watatu na Hillary, kiti kikawa kipana kupita kiasi. Mwalimu alianza mada ya bei ya tiketi za ndege na ikamfia mdomoni. Myemeni akatujazia vikombe. Tangu afike, Tanki alikuwa anazungusha funguo za lori kidoleni. Kisha akasema, macho yake barabarani, kana kwamba anauliza kwa niaba ya mtu mwingine:

— Mwalimu.

— Naam.

— Mtu kama aliacha shule kidato cha pili. Si kufukuzwa, aliacha tu. Ana miaka thelathini na moja. Huyo anaanzia wapi?

Hillary aliacha kunywa. Mimi nilitazama pembeni, kumwachia nafasi. Mwalimu aliinua kidole chake, kile cha darasani, kikabaki hewani, halafu akakishusha taratibu gotini.

— Sijui, Brayo, akasema. Nipe hadi Ijumaa niulize.